UZI: Sekunde za mataa ya barabarani zinapangwaje, na foleni inaharibikia wapi

MpimaNjia (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mada za foleni ya Dar hazikauki humu, na nyingi huishia kwenye kulaumiana: mara madereva hawana nidhamu, mara trafiki ndio wanaoharibu, mara mataa ni mabovu. Nimeona nifungue uzi wa mataa yenyewe. Zile sekunde zinatoka wapi, na ni sheria zipi ndogondogo ambazo hesabu yake inazitegemea? Mafundi umeme, walimu wa udereva na wengine mnaojua, karibuni mjazie.

Kinachogawiwa kwenye mataa ni muda. Njia moja yenye foleni, kijani ikiwaka, hupitisha gari moja kila baada ya sekunde 2 hivi. Ni sawa na magari 1,800 kwa saa iwapo kijani ingewaka saa nzima. Kwa kuwa haiwaki saa nzima, kila upande hupata sehemu yake. Na kila zamu ya kijani inapobadilika, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kuna sekunde zinazokufa: mwanzoni dereva wa mbele anachelewa kuachia breki, mwishoni kuna njano na ile nyekundu ya pande zote. Weka sekunde 4 kwa zamu. Makutano ya zamu 4 yanapoteza sekunde 16 kila mzunguko, yaani kila zamu zote zikishapita mara moja, hata kama madereva wote ni wastaarabu.

Fomula ambayo mpaka leo hutumika kuanzia hesabu ni ya Mwingereza F. V. Webster, ya mwaka 1958. Chukua sekunde zinazokufa, zidisha kwa 1.5, jumlisha 5. Jibu ligawe kwa 1 toa jumla ya uzito wa zamu zote. Uzito wa zamu ni idadi ya magari yanayofika kwa saa kwenye njia yake iliyobanwa zaidi, ukigawa kwa 1,800.

Tuseme zamu 4 zinaleta magari 450, 360, 270 na 180. Uzito wake ni 0.25, 0.20, 0.15 na 0.10, jumla 0.70. Juu tunapata 16 × 1.5 + 5 = 29, chini 0.30. Mzunguko unakuwa sekunde 97. Ukiondoa 16 zilizokufa zinabaki 81, nazo zinagawanywa kwa uwiano uleule: 29, 23, 17 na 12.

Magari yakiongezeka mambo hayapandi taratibu. Jumla ikifika 0.85 mzunguko unaruka hadi sekunde 193. Ikifika 0.95 jibu ni sekunde 580, karibu dakika 10. Hapo hesabu inakuambia makutano yamezidiwa, na hakuna upangaji wa sekunde utakaoyaokoa. Ndipo unapohitaji kupunguza zamu zenyewe. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, lilifanya hivyo: magari ya Barabara ya Nyerere yanayonyoosha yakapita juu, wanaokata kona na wa Barabara ya Mandela wakabaki na mataa ya chini. Ukirudi kwenye mfano wetu wa 0.95, ukaondoa zamu yenye uzito wa 0.30 na sekunde zinazokufa zikashuka hadi 12, mzunguko unakuwa sekunde 66. Namba hizi ni za mfano tu, si vipimo vya TAZARA.

Sasa uliza: hesabu yote hii imesimama juu ya nini? Juu ya dereva anayeondoka kijani inapowaka, anayesimama nyekundu inapowaka, na asiyeingia katikati ya makutano wakati mbele hakuna nafasi. Gari moja likiziba katikati kwa sekunde 10 kwenye zamu ya sekunde 29, limekula theluthi ya haki ya upande mzima.

Chausiku_K

Asante mleta uzi, darasa zuri. Naomba kuuliza kuhusu njano. Kuna wanaoichukulia kama "kimbia kabla haijawa nyekundu" na kuna wanaofunga breki ghafla. Ipi ni sahihi? Na ile nyekundu ya pande zote, ambapo kila mtu amesimama, si kupoteza muda tu?

Mwalimu_Kona

Dada Chausiku, njano inayofuata kijani maana yake ni simama. Unaruhusiwa kupita tu kama umeshafika karibu na mstari kiasi kwamba kusimama ghafla kutaleta ajali.

Urefu wake unatokana na mwendo. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, sawa na mita 13.9 kwa sekunde. Mpe dereva sekunde 1 ya kushtuka, kisha breki ya kawaida isiyorusha abiria, inayopunguza mwendo mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Atasimama ndani ya mita 46 hivi. Sekunde zinazohitajika ni 1 + 13.9 ÷ 6, yaani 3.3. Ndiyo maana njano za mjini huwa sekunde 3 au zaidi kidogo.

Sasa mchukue anayekuja na 80 kwenye njano hiyohiyo ya sekunde 3. Kusimama kunamtaka mita 104. Ndani ya sekunde 3 anatembea mita 67. Njano ikimkuta kati ya mita 67 na 104 kutoka kwenye mstari, hawezi kusimama na hawezi kuwahi. Chochote atakachochagua ni kosa, na kosa alilifanya mapema, alipokanyaga mafuta. Anayekuja na 50 hana mtego huo: katika sekunde 3 anatembea mita 42, anahitaji 46 kusimama, na tofauti ya mita 4 inafidiwa na nyekundu ya pande zote.

Kuhusu hiyo nyekundu, haipotei bure. Ni muda wa kusafisha makutano. Makutano yenye upana wa mita 24, ongeza urefu wa gari mita 5, ni mita 29. Kwa mwendo wa 50 unahitaji sekunde 2.1. Basi la mwendokasi lenye kiungo katikati lina mita 18, na likikatiza kwa kilomita 30 kwa saa linahitaji sekunde 5 ndipo mkia utoke. Anayeondoka kabla ya kijani kwa sababu ameona wenzake wa upande mwingine wamepata nyekundu ndiye anayekutana na huo mkia. Bodaboda wanaweza kuumia katika sekunde hizo 2 au 3: mmoja anamalizia njano, mwingine anaiwahi kijani.

Jambo jingine linalosahaulika darasani: kijani ya duara haikupi kulia moja kwa moja. Unayekata kulia unawapisha wanaonyoosha kutoka mbele yako, na watembea kwa miguu wanaovuka barabara unayoingia. Mshale wa kijani ndio unaokupa njia peke yako. Na kushoto kwenye nyekundu hakuna ruhusa ya jumla. Unapita kama kuna mshale, au njia ya pembeni iliyojengwa kwa ajili hiyo, na huko pia unapisha.

Mzee wa Buguruni

Vijana wangu mnaeleza vizuri. Lakini mbona mataa yanawaka vizuri kabisa, halafu askari anasimama katikati, anaita upande mmoja mpaka wa upande wa pili wanazima injini? Kama kuna hesabu, inakwenda wapi?

MpimaNjia

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo kiini cha uzi.

Askari anayeita upande mmoja muda mrefu ana hoja yenye ukweli ndani yake. Zamu zikiwa ndefu, mabadiliko yanakuwa machache, na sekunde zinazokufa zinapungua. Kwenye mzunguko wa sekunde 97 zinakufa 16, yaani asilimia 16. Ukinyoosha mzunguko hadi dakika 10, zinakufa 16 zilezile, chini ya asilimia 3.

Faida hiyo inaliwa huku nyuma. Chukua upande unaoleta magari 10 kwa dakika kwenye njia moja. Mfungie dakika 7. Umekusanya magari 70, na kwa mita 6.5 kila gari pamoja na nafasi yake, una mstari wa mita 455. Kwenye Dar hiyo ni mbali ya kutosha kuziba makutano ya nyuma, ambako kuna watu hawakuwa wanaelekea kwako kabisa.

Kisha unawafungulia. Wanatoka 30 kwa dakika, wanaongezeka 10 kwa dakika, kwa hiyo foleni inakwisha baada ya dakika 3 na nusu. Kuanzia hapo wanapita wale wanaofika tu, 10 kwa dakika. Kijani inafanya theluthi ya kazi yake huku upande wa pili umefungwa. Askari aliye katikati anaona magari bado yanakuja, anaona kazi inaendelea. Kinachopaswa kumwambia afunge ni nafasi kati ya gari na gari.

Na anayesubiri bila kujua zamu yake itakuja lini ndiye anayeanza kutanua, kuchomekea, kupanda tuta la katikati. Mtu aliyezoea kwamba nyekundu ni sekunde 70 hukaa. Ukimfungia leo dakika 4, kesho dakika 9, subira yake inakosa pa kushika, na ukishawapata watano wanaotanua, wa sita anajiona mjinga kubaki kwenye mstari.

Kamanda_T

Naomba kuongeza upande wa askari, maana analaumiwa hata pale alipo sahihi.

Kwanza kisheria, ishara ya askari inashinda taa. Ukiwa na kijani na yeye amekunyooshea mkono wa kusimama, simama. Pili, mataa yanayofuata saa tu hayaoni mbele. Makutano yanayofuata yakijaa, taa itaendelea kutoa kijani kuelekea kwenye ukuta wa magari, watu wataingia katikati, na njia zote zitafungana. Hapo askari anahitajika, na kazi yake ni kuzuia wanaoingia.

Anavyotakiwa kufanya ni hivi. Aangalie njia ya kutokea kwanza; kama haina nafasi ya angalau magari 5 au 6, asiite mtu kuelekea huko. Asiache upande mmoja uzidi dakika 2 ikiwa pande nyingine zina watu. Akiona kati ya gari na gari pamefika sekunde 4, afunge. Awasiliane kwa redio na mwenzake wa makutano ya mbele, kwa sababu ukimwachia mwenzako magari 100 kwa mkupuo, umemhamishia tu foleni. Na pale penye boksi la mataa lenye swichi ya kuongozea kwa mkono, ni bora aitumie, ili taa na mkono viseme kitu kimoja. Dereva anayeona nyekundu huku anaitwa na mkono kila siku, mwishowe anaacha kuitazama nyekundu hata siku askari hayupo.

MsafiriNrb

Ndugu zangu, salamu kutoka Nairobi. Huku tuna tatizo hilo na nyongeza yake: mizunguko ya Uhuru Highway, mnayoiita kipilefti, iliwekewa taa na bado polisi wanaiongoza kwa mkono saa za msongamano.

Kipilefti kina sheria moja: unayeingia unampisha aliye ndani, anayetoka kulia kwako. Idadi ya magari ikiwa ya wastani kinafanya kazi vizuri kuliko taa, kwa sababu hakina sekunde zinazokufa. Kikijaa kinajifunga chenyewe. Njia moja ya kutokea ikiziba, wanaoitaka wanasimama ndani ya duara. Wanawazuia wanaotaka njia ya pili. Hao wanawazuia wa tatu. Na wa tatu wanawazuia wale wa kwanza. Kila mmoja anamsubiri mwenzake na hakuna wa kuanza. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti iliweka mapipa kufunga kukata kulia kwenye baadhi ya mizunguko hiyo, kwa sababu anayekata kulia ndiye anayekaa ndani ya duara muda mrefu zaidi. Lakini lazima apewe pengine pa kugeuzia, na hapo pa kugeuzia pasipopimwa, foleni inahamia huko.

Hii ya kutoingia bila nafasi ya kutokea ndiyo sheria ningeiweka ya kwanza kabisa kwenye kila shule ya udereva. Matatu moja ikiingia nusu, imefunga barabara nne.

Fundi Waya

Nije kwenye vifaa, kwa sababu nusu ya malalamiko ya "taa zimepangwa vibaya" ni kifaa kimekufa.

Mataa mengine yanafuata saa tu: asubuhi mpango huu, mchana ule, jioni mwingine. Mengine yana sensa. Sensa ya kawaida ni waya uliozungushwa mara 3 hivi kwenye mfereji mwembamba uliokatwa kwenye lami, umbo la mraba wa karibu mita 2, ukafunikwa kwa lami laini. Umeme mdogo unapita humo. Chuma cha gari kikifika juu, boksi linahisi mabadiliko. Pikipiki ina chuma kidogo, ndiyo maana wakati mwingine haitambuliki ikisimama katikati ya mraba. Juu ya mfereji wenyewe, pembeni, inatambulika vizuri zaidi.

Adui mkubwa wa waya huo ni ukarabati wa barabara. Lami ya juu ikikwanguliwa, waya unakatika, lami mpya inamwagwa, na hakuna anayejua. Boksi nyingi zimeundwa hivi: sensa ikifa, zinachukulia kuwa kuna gari muda wote, ili mtu asije akasubiri milele. Kwa hiyo ukiona upande mtupu unapewa kijani ndefu kila mzunguko, mchana na usiku wa manane, shuku waya uliokatika kabla hujamshuku aliyepanga sekunde. Maji yakiingia kwenye maungio hukupa ugonjwa mwingine: mvua ikinyesha taa zinachanganyikiwa, jua likiwaka zinapona.

Ndani ya boksi kuna kifaa kingine ambacho kazi yake ni moja, kuhakikisha kijani mbili zinazogongana haziwaki pamoja. Kikihisi hivyo, kinaondoa mpango wote na kuacha njano ikiwaka na kuzima, au kinazima kabisa. Watu huona mataa yamekufa bila sababu, kumbe yamejizima ili yasiue mtu. Taa ya kwanza kabisa ya barabarani, iliyowekwa London Desemba 1868, ilikuwa ya gesi. Ililipuka mwezi uliofuata ikamjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha.

Umeme ukikatika: balbu za zamani zilikula wati 60 hadi 100 na zaidi, LED ya sasa inakula 10 hivi. Makutano ya kawaida, taa 12 za magari zikiwaka kwa wakati mmoja, pamoja na za waenda kwa miguu na boksi lenyewe, hufika wati 250. Betri za volti 24 zenye Ah (ampea-saa) 200, ukitumia nusu tu ili zisife mapema, zinakupa saa 8 hivi ukishatoa upotevu wa inveta. Tatizo ni betri kutobadilishwa. Zikizeeka, mataa yanazimika dakika chache baada ya umeme kukatika.

Zuhura_wa_Zebra

Naona wote mnahesabu magari. Mtembea kwa miguu naye ana sekunde zake.

Hesabu humpa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya njia 6 zenye mita 3.25 kila moja, na mbili za mwendokasi katikati zenye mita 3.5, ni mita 26.5. Anahitaji sekunde 22. Mzee, mjamzito au mwenye mtoto mkononi anatembea mita 0.9, anahitaji 29. Mkimpa 12, mnamwambia akimbie. Kwa barabara pana kiasi hicho lazima pawe na kisiwa katikati, chenye upana wa mita 2 angalau ili anayesukuma baiskeli au kiti cha magurudumu atoshe, na kitufe kingine palepale kisiwani.

Mtu mdogo wa kijani anapoanza kuwaka na kuzima, aliye ndani amalizie, aliye pembeni asianze. Na mtu akisubiri muda mrefu bila kupewa zamu, atavuka popote. Wapangaji wakijua hilo hawatamsubirisha zaidi ya sekunde 60 hivi.

Bodaboda na bajaji, naomba mstari wa kusimamia muuheshimu. Mkijaa juu ya zebra, mtu anavukia katikati ya makutano, sehemu ambayo haikuhesabiwa na mtu yeyote. Taiwan wamechora sanduku la pikipiki kati ya zebra na mstari wa magari. Pikipiki zinakaa mbele na kuondoka kwanza, zebra inabaki wazi. Rangi tu, na askari wa kuisimamia miezi ya mwanzo.

Chausiku_K

Dada Zuhura umenena. Swali la mwisho toka kwangu: kwa nini nikitoka kijani hii nakuta nyekundu inayofuata, kila mara?

MpimaNjia

Mataa jirani yanatakiwa yawe na mzunguko wa urefu mmoja, kisha ya mbele yacheleweshwe kwa muda wa safari. Umbali wa mita 400 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni sekunde 36. Ukiendesha 40 unakuta kijani; ukikimbia 70 unafika mapema na kusimama. Kwa pande zote mbili kwa pamoja ni ngumu, inategemea umbali wa makutano, kwa hiyo asubuhi hupewa wanaoingia mjini na jioni wanaotoka.

Kinachovunja mpango huo kwetu mara nyingi ni kituo cha daladala. Daladala likisimama mita 20 baada ya mataa, bila kuingia kwenye kituo cha pembeni, linafunga njia ya kutokea. Magari 3 nyuma yake yanabaki ndani ya makutano. Konda anaita abiria sekunde 15, na sekunde hizo ni nusu ya kijani. Kituo kinatakiwa kiwe baada ya mataa, chenye mfuko wa pembeni unaotosha daladala zote zinazofika kwa pamoja; kama zinakuja 4, mfuko wa 2 hausaidii.

Upande wa mwendokasi kuna suala jingine. Mabasi yako katikati, sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila anayekata kulia analikatiza basi linalotoka nyuma yake. Hapo mshale wa peke yake ni lazima. Anayekata kulia kwa kijani ya kunyoosha anatazama magari ya mbele tu, na basi linamfikia kwa nyuma.

Mzee wa Buguruni

Nimeelewa, asanteni. Sasa tukiona taa imekufa tumwambie nani?

Fundi Waya

Mzee, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa na wilaya ni TARURA. Kama imezima kabisa na magari ni mengi, trafiki ndio wa kuarifiwa kwanza, ili pawe na mtu.

Fundi anahitaji haya: makutano ya barabara gani na gani, nguzo iliyo upande upi ukitazama unakoelekea, rangi ipi haiwaki au inang'ang'ania, saa ngapi, na kama mvua ilikuwa inanyesha au umeme ulikuwa umekatika. Piga picha ya namba iliyoandikwa kwenye boksi au nguzo kama ipo. Nyekundu iliyokufa iripoti siku hiyohiyo, kwa sababu wa upande ule anaona giza na kudhani mataa yote yamezima, huku upande wa pili una kijani kamili. Ukifika hapo kabla fundi hajaja, simama kabisa, tazama pande zote, pita taratibu, gari moja moja.